Jasho la Viganja, Makwapa na Nyayo: Mwongozo wa Tiba, Kuanzia Duka la Dawa Hadi Chumba cha Upasuaji

Wakati ule wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, nilirudi kwa wakala mara nne. Kila nikiweka dole gumba kwenye kimashine, kioo kinalowa, mashine inagoma. Kijana akanipa tishu, akanipa kitambaa, akakipuliza kidole changu kama anayepoza uji, mwisho akauliza kwa upole: "Samahani kaka, unaumwa?" Sikuwa na jibu. Tangu shule ya msingi nilikuwa naandika na leso chini ya mkono ili daftari lisilowe, na misibani nilishazoea kufuta kiganja kwenye suruali kabla ya kumpa mtu mkono wa pole. Haikuwahi kunijia kwamba hali hii ina jina na ina tiba.

Jina lake ni haipahidrosisi. Tiba zake ni nyingi, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu wanaruka vidato vya ngazi. Mmoja anaanza na sindano za gharama wakati dawa ya kupaka ingemtosha. Mwingine anapaka dawa hiyo asubuhi akitoka kuoga, kwapa bado lina majimaji, inamchoma, anaitupa na kutangaza kwamba haifai. Huyo wa pili nilikuwa mimi. Si daktari, haya nimeyapata kwa kukaa kwenye mabenchi ya kliniki za ngozi, kuuliza na kusoma. Panapohitaji daktari nitasema.

Kwanza elewa bomba na koki

Mwili wa mtu mzima una tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, nyingi zikiwa viganjani, kwenye nyayo, makwapani na usoni. Kazi yake ni kupoza mwili. Ubongo ukiona joto limezidi, au ukishtuka, hutuma amri kupitia neva ziitwazo simpathetiki. Mwisho wa neva hutoa kemikali, asetilikolini, na tezi inafunguka. Kwa mtu mwenye haipahidrosisi tezi zenyewe hazina kasoro, si nyingi wala si kubwa kuliko za wengine. Tatizo ni amri: inatumwa hata pasipo joto, hata umekaa kwenye kiyoyozi.

Shika picha hiyo, maana kila tiba utakayoisikia hufanya moja kati ya mambo matatu. Inaziba mdomo wa tezi, au inazuia amri isifike, au inaharibu tezi au neva moja kwa moja. Mtu akikuuzia kitu asichoweza kukueleza kinafanya lipi kati ya hayo, weka pochi mfukoni.

Hatua ya 1: Hakikisha jasho si mjumbe wa ugonjwa mwingine

Kulowa jasho ndani ya daladala mchana wa Februari si ugonjwa. Jasho linaloitwa haipahidrosisi ya asili lina tabia zake. Limekuwepo kwa miezi 6 au zaidi bila sababu ya wazi. Hutoka pande zote mbili kwa usawa, kiganja cha kulia na cha kushoto. Mara nyingi lilianza utotoni au ujanani, kabla ya miaka 25. Hujirudia angalau mara moja kwa wiki na kukuharibia shughuli. Mara nyingi kuna baba, shangazi au binamu mwenye hali hiyohiyo. Uliza nyumbani, utashangaa. Na jambo kubwa kuliko yote: ukilala, linakoma.

Jasho la aina ya pili huja na sura nyingine. Linatoka mwili mzima, limeanza ukubwani, au linakuamsha usiku shuka zimelowa chepechepe. Hapo usinunue kitu chochote cha kupaka. Nenda kituo cha afya, hasa kama una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au mwili unapungua, kwa kuwa jasho la usiku ni dalili maarufu ya kifua kikuu na pia huonekana kwa wenye VVU na saratani za tezi za limfu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na shingo kuvimba mbele huelekeza kwenye tezi ya thairoidi. Wanawake wanaokaribia kukoma hedhi hupata mawimbi ya joto na jasho. Hilo nalo lina matibabu yake. Jasho la upande mmoja tu wa mwili au wa uso linahitaji daktari hata kama ni dogo.

Mambo mawili ni ya dharura. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi akitokwa jasho la ghafla na kutetemeka, huenda sukari imeshuka: apewe kitu kitamu papo hapo kama yuko macho na anaweza kumeza, kisha apimwe. Na jasho baridi pamoja na maumivu au kubanwa kifua ni safari ya hospitali sasa hivi, si kesho.

Beba pia dawa zako zote mezani kwa daktari. Tramadoli, mofini, dawa za sonona kama fluoksetini na sertralini, na dozi kubwa mno ya dawa ya thairoidi, zote huweza kuleta jasho. Usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Vipimo vya kawaida si vya kutisha: sukari, picha kamili ya damu, thairoidi, VVU, na makohozi kama kuna kikohozi. Kwa mtu ambaye jasho lake lina tabia zote za aina ya kwanza, daktari mzuri anaweza asipime chochote. Usimwone mvivu.

Hatua ya 2: Lipime jasho lako kabla ya kulitibu

Madaktari wa ngozi hutumia kipimo cha alama 1 hadi 4. Moja: jasho halionekani wala halinisumbui. Mbili: linavumilika, mara mojamoja linaingilia shughuli. Tatu: karibu halivumiliki, linaingilia mara nyingi. Nne: halivumiliki, linaingilia siku zote. Andika namba yako leo na tarehe. Baada ya kila tiba andika tena. Bila namba utajikuta unaamini kila kitu kimesaidia kidogo.

Andika pia ni wapi hasa. Ngazi ya kiganja si ngazi ya kwapa, na ya uso ni nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Chumvi za aluminiamu, zitumiwe inavyopaswa

Hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo wengi wangeweza kuishia wakiwa wamepona vya kutosha.

Diodoranti na antipaspiranti si kitu kimoja, ingawa dukani vyote huitwa rolioni. Diodoranti hupambana na harufu. Jasho linaendelea kutoka. Antipaspiranti ina chumvi ya aluminiamu inayoingia kwenye mdomo wa tezi na kutengeneza kizibo. Soma maandishi ya kichupa, usisome tangazo. Bibi zetu wa pwani hawakuwa mbali na ukweli waliposugua shabu kwapani: shabu nayo ni chumvi ya aluminiamu, ile ile ambayo vinyozi hupitisha usoni baada ya wembe. Ni dhaifu kuliko dawa ya hospitali lakini kwa jasho la alama ya 2 haidharauliki. Limau waachie wapika samaki. Linaunguza ngozi, na likipigwa jua huacha madoa meusi.

Dawa yenyewe ni aluminiamu kloraidi, ya asilimia 10 hadi 20 kwa makwapa, na hadi 30 kwa viganja na nyayo ambako ngozi ni nene. Ikikosekana duka la dawa la mtaani, hospitali yenye kliniki ya ngozi inaweza kukuelekeza. Itumie hivi:

1. Paka usiku, unapokwenda kulala. Usiku jasho limetulia, dawa inapata nafasi ya kuingia na kuziba. Ukipaka asubuhi jasho linaisukuma nje kabla haijashika.
2. Ngozi iwe kavu kabisa. Ukioga, subiri, kaa mbele ya feni. Chumvi hii ikikutana na maji hutengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayochoma na kuwasha.
3. Usipake ndani ya siku moja au mbili baada ya kunyoa kwapa, wala juu ya mchubuko.
4. Paka nyembamba, acha ikauke ndipo uvae. Inaharibu nguo, chagua fulana ya kulalia usiyoionea uchungu.
5. Asubuhi osha kwa sabuni. Kizibo kipo ndani, hakiondoki kwa kuoshwa.
6. Rudia kila usiku mpaka uone mabadiliko, kwa kawaida wiki moja au mbili. Kisha punguza: usiku mmoja au miwili kwa wiki humtosha mtu.

Ikiwasha, ruka usiku mmoja au miwili. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ikipakwa asubuhi kwa siku chache hutuliza. Tafadhali usikimbilie zile krimu kali za steroidi zinazouzwa pamoja na za kung'arisha ngozi, zenye klobetasoli au betamethasoni. Ngozi ya kwapa ni nyembamba. Itachanika mistari na mistari hiyo haifutiki.

Ipe dawa wiki 4 kamili, kwa utaratibu huo, kabla ya kuihukumu. Na swali linaloulizwa kila mara, kama aluminiamu kwapani huleta saratani ya matiti: utafiti uliofanyika haujaonyesha kwamba huleta.

Hatua ya 4 kwa viganja na nyayo: maji na umeme mdogo

Makwapa yangu yalinyamaza kwa hatua ya 3. Viganja vilinicheka. Kwa mikono na miguu, tiba inayofuata ni ayontoforesisi. Jina refu, jambo jepesi: unaweka viganja au nyayo kwenye visahani viwili vya maji na mashine inapitisha mkondo mdogo wa umeme, kwa kawaida miliampia 15 hadi 20, kwa dakika 20 hadi 30. Imetumika kwa miongo mingi. Haileti ganzi wala haihitaji sindano. Unasikia mchomo kama wa siafu wadogo.

Mwanzo ni mara 3 kwa wiki. Watu wengi huona ukavu baada ya vikao 6 hadi 10. Ukishakauka unapunguza hadi mara moja kwa wiki au hata mara chache zaidi, lakini ukiacha kabisa jasho linarudi. Mimi wiki ya tatu niliandika barua ukurasa mzima bila leso, nikaupeleka kumwonyesha mke wangu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mambo madogo yanayoharibu kazi kubwa: Vua pete, saa na bangili zote. Mikwaruzo ipake vaselini, la sivyo utaruka. Usichomoe mkono majini kabla mashine haijashuka hadi sifuri. Nusu ya muda geuza mwelekeo wa umeme ili mikono yote ipate sawa. Na angalia maji. Umeme hubebwa na madini yaliyomo majini, hivyo maji ya mvua au yaliyochujwa sana hayafanyi kazi vizuri. Yatie kijiko kidogo cha soda ya kupikia. Wenye visima vya maji ya chumvichumvi mjini, kwa mara ya kwanza mna faida.

Hairuhusiwi kwa mwenye betri ya moyo, mjamzito, mwenye kifafa, au mwenye chuma kilichopandikizwa kwenye njia ya umeme, kama vyuma vya mfupa wa mkono. Na kuna mafundi wa mtaani watakaokwambia wanaweza kukuundia mashine. Kitu chochote kinachounganishwa na soketi ya ukutani halafu mikono yako ikawa majini ni jeneza. Nunua mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au uliza kitengo cha fiziotherapia.

Kwa nyayo, tibu pia vinavyoandamana na jasho. Vishimo vidogovidogo kwenye unyayo na harufu kali ni bakteria, hutibiwa kwa antibiotiki ya kupaka. Kuwashwa na kumenyuka katikati ya vidole mara nyingi ni fangasi. Kuwa na jozi mbili za viatu uvae kwa zamu, kila moja ipumzike siku nzima.

Hatua ya 4 kwa makwapa: sindano

Botox inayojulikana kwa kunyoosha mikunjo ya uso ya matajiri iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa jasho kali la makwapa. Inazuia neva isitoe asetilikolini. Dozi ya kawaida ni uniti 50 kwa kila kwapa, zikigawanywa kwenye vichomo vidogo 10 hadi 15. Kabla ya kuchoma, daktari anaweza kupaka iodini, ikikauka anapuliza unga wa wanga. Penye jasho panageuka rangi ya zambarau iliyokoza, naye anaona ramani. Matokeo huanza ndani ya siku chache hadi wiki mbili na hudumu kwa wastani miezi 6 au 7, kisha unarudia.

Kwa viganja inafanya kazi pia, lakini inauma, huhitaji ganzi au barafu, na vidole vinaweza kulegea kwa wiki kadhaa. Fundi cherehani, mpiga gitaa, daktari wa meno, fikirini mara mbili. Wajawazito na wenye ugonjwa wa misuli uitwao mayasthenia wasichomwe.

Huku kwetu huduma hii iko zaidi kwenye kliniki binafsi za miji mikubwa na si rahisi mfukoni. Dawa hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Una haki ya kuuliza friji inalindwaje umeme ukikatika, na kuona kichupa kikifunguliwa mbele yako. Anayechoma awe daktari, si saluni.

Zipo pia dawa mpya za kupaka kwapani zinazozuia amri badala ya kuziba mdomo. Vitambaa vyenye glaikopironiamu viliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na jeli ya sofpironiamu iliidhinishwa Japani mwaka 2020 na Marekani mwaka 2024. Ukiletewa na ndugu wa ughaibuni, nawa mikono mara baada ya kupaka. Ukigusa jicho, mboni hupanuka na utaona ukungu. Na kwa kwapa pekee kuna mashine ya mawimbi ya joto, miraDry, inayounguza tezi moja kwa moja. Tezi zilizounguzwa hazioti tena.

Hatua ya 5: vidonge

Jasho likiwa sehemu nyingi, au usoni ambako huwezi kutumbukiza kwenye maji yenye umeme, daktari anaweza kukuandikia oksibutinini. Hii ni dawa ya kibofu, ndiyo maana usishtuke mfamasia akikuuliza kama unakojoa mara kwa mara. Huanzwa kidogo, mara nyingi miligramu 2.5 kwa siku, na kupandishwa polepole. Wengi hutulia kwenye miligramu 5 mara moja au mbili kwa siku. Glaikopironiamu ya kumeza ni ndugu yake.

Vidonge hivi havichagui. Vinakausha viganja, na vinakausha mdomo, macho na utumbo. Mdomo mkavu ni karibu kwa kila mtu. Kufunga choo na macho kuona ukungu kwa baadhi. Kwa mfungaji wa Ramadhani, ukavu wa mdomo bila ruhusa ya kupiga funda ni mtihani. Zungumza na daktari mapema kuhusu muda wa dozi. Wenye presha ya jicho ya aina ya pembe nyembamba, mayasthenia, au tezi dume inayozuia mkojo wasitumie. Wazee huweza kuchanganyikiwa.

Onyo la kwetu hasa, ambalo vipeperushi vilivyoandikwa nchi za baridi hulitaja kwa mstari mmoja: jasho ndilo linalokulinda na jua. Ukilizuia kwa kidonge kisha ukashinda shambani, kwenye bodaboda au juu ya paa ukipiga bati, joto la mwili linaweza kupanda hadi ukaanguka. Siku ya kazi ya juani, muulize daktari kama unaweza kuruka dozi. Ngozi ikiwa ya moto na kavu, kichwa kikizunguka, ingia kivulini, jimwagie maji na tafuta msaada.

Wale ambao jasho huwajia tu jukwaani au kwenye usaili wanaweza kuandikiwa propranololi ya kumeza kabla ya tukio. Mwenye pumu asiiguse.

Pa kwenda

Si lazima uanze na bingwa wa Dar es Salaam au Nairobi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi, wakiwemo matabibu, tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wamesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Uliza hospitali ya mkoa au kaunti yako kama ina kliniki ya ngozi, na siku gani. Nenda na namba yako ya hatua ya 2, orodha ya dawa, na maelezo ya ulichojaribu: asilimia ngapi, usiku au asubuhi, wiki ngapi. Siku uliyolowa usiifiche mikono. Wengi hujifuta mlangoni kwa mazoea, kisha daktari anamwona mtu mkavu.

Hatua ya mwisho: upasuaji

Kwa jasho kali la viganja lililoshinda yote hayo, daktari wa upasuaji wa kifua anaweza kuingiza kamera ndogo katikati ya mbavu, chini ya usingizi, na kukata au kubana mnyororo wa neva za simpathetiki usawa wa ubavu wa 3 au wa 4. Mikono hukauka palepale mezani. Kwa hilo tu, hakuna tiba inayoushinda.

Lakini jasho lililozuiwa mikononi hutafuta njia. Watu wengi waliofanyiwa hutokwa jasho zaidi mgongoni, tumboni na mapajani, wengine kidogo, wengine kiasi cha kubadili shati mara tatu kwa siku na kujuta. Linaitwa jasho la fidia, halina tiba nzuri, na joto letu halilisaidii. Kadiri neva inavyokatwa juu zaidi ndivyo hatari inavyoongezeka. Hewa inaweza kuvuja kifuani, na mara chache kope moja hulegea. Nyayo haziahidiwi kitu kwa upasuaji huu.

Ukifika hapo, muulize daktari: ameshawafanyia wangapi, atakata au atabana, usawa wa ubavu upi, na wangapi kati ya wagonjwa wake walipata jasho la fidia. Omba kuzungumza na mmoja wao aliyefanyiwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, baada ya kupitia msimu mzima wa joto. Daktari akikujibu kwamba jasho la fidia ni jambo dogo na utalizoea, muone daktari wa pili kabla hujasaini fomu ya ridhaa.